Stempu saba za G.R. MAFIA kwa milioni nne: ninunue au niache?

Mshauri, habari za kazi na pole na majukumu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Muheza. Stempu nilianza kuzipenda nikiwa mwanafunzi, wakati karani mmoja wa shamba la mkonge alipokuwa akinibandulia zile za kwenye barua za ofisini kwake. Leo nina albamu tatu. Ninayoipenda kuliko zote ni ya Vita Kuu ya Kwanza: nina stempu za India zenye chapa ya juu, yaani maandishi yaliyoongezwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapishwa, I.E.F. (vikosi vya India), nina za Afrika Mashariki na Uganda zenye G.E.A. (Afrika Mashariki ya Kijerumani) kuanzia senti 1 hadi rupia 5, na nina mbili za Nyasaland zenye N.F. (kikosi cha Nyasaland). Ambazo sijawahi hata kuzishika ni za Mafia.

Mwezi uliopita, kwenye arusi ya mpwa wangu, kijana wa marehemu rafiki yangu alinivuta pembeni akanionyesha karatasi yenye stempu saba za Kijerumani, zile zenye meli, kila moja imegongwa G.R. MAFIA. Anasema baba wa babu yake alikuwa karani wa posta kisiwani Mafia Waingereza walipoingia, na tangu hapo stempu zimekaa kwenye sanduku la familia. Anataka shilingi milioni nne kwa zote. Anadai kuna mtu Nairobi anazingoja, kwa hiyo amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nimezikagua kadiri ya uwezo wangu. Nne zina muhuri wa posta wa Kijerumani wa TANGA, na mwaka unasomeka vizuri, 1912. Tatu hazijatumika na gundi yake ni nyeupe, inang'aa. Chapa yenyewe ni nyeusi, imenyooka, na kwenye zote saba imekaa katikati sawasawa. Nimehesabu meno ya pembeni, yako sawa. Nimeinua moja kwenye mwanga, alama ya maji ikaonekana. Kwa macho yangu ni stempu halisi.

Mama watoto hataki niguse kiinua mgongo changu. Mwanangu wa Dar naye amenitumia picha za stempu kama hizo zinazouzwa ng'ambo kwa bei kubwa kuliko hiyo, ananiambia nisizubae. Kinachonitatiza zaidi ni namna ya kuomba zipimwe. Kaka yake kijana huyu ndiye aliyemuoa mpwa wangu, kwa hiyo sasa ni wakwe. Nikidai ushahidi wataona nimemwita mtoto wao tapeli, na marehemu baba yake alikuwa mtu wangu wa karibu sana. Na je, nikiziloweka kidogo kwenye maji nione kama wino unatoka, nitakuwa nimepata jibu?

Mwalimu M., Muheza

*

Mwalimu, shikamoo.

Usilipe. Nne kati ya hizo saba zina kasoro ambayo umeiandika wewe mwenyewe kwenye barua yako, na tatu zilizobaki zisikutoe hata shilingi kabla hazijapimwa na watu wenye utaalamu huo. Na tafadhali, usiloweke chochote.

Nianze na pale ulipoteleza, maana wakusanyaji wengi makini huteleza hapo hapo. Umepima meno, umetazama alama ya maji, umeridhika kwamba stempu ni halisi. Nakubaliana nawe kabisa: stempu za meli ni halisi. Za thamani ndogo, kama heller (sarafu ya Wajerumani huku) 4, 7½ na 15, zilichapishwa kwa wingi na hadi leo zinapatikana kwa bei rahisi Ulaya. Lakini kijana hakuuzii stempu ya meli. Anakuuzia yale maneno mawili yaliyogongwa juu yake, na maneno hayo ndiyo yanayobeba karibu bei yote. Mghushi wa chapa ya juu hana haja ya kutengeneza karatasi, wala meno, wala alama ya maji. Hivyo vyote anavinunua vikiwa halali, kisha anaongeza kitu kimoja tu. Ndiyo maana vipimo vyako vyote vilifaulu: ulipima sehemu ambayo hakuna aliyeigusa.

Mafia ndiyo inayowavutia zaidi watu hawa, na sababu iko kwenye historia yenyewe. Waingereza walitua kisiwani Januari 1915, na Wajerumani waliokuwako wakasalimu amri baada ya siku chache. Walikitaka kisiwa hicho kwa sababu ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imeizamisha manowari yao Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye matawi ya delta ya Rufiji. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya manowari za Kiingereza Severn na Mersey mpaka Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Katikati ya hekaheka hizo kisiwa kilihitaji posta, na stempu zilizopatikana zilikuwa za serikali iliyong'olewa. Zikagongwa G.R. MAFIA, yaani kwa jina la Mfalme George. Mwezi Mei mwaka huo huo zikatoka nyingine zenye maandishi ya senti 6, zikafuata stempu za ushuru za Kijerumani zilizogongwa O.H.B.M.S. MAFIA (kwa kazi ya Mfalme wa Uingereza), na mnamo Septemba zile za India za I.E.F. zikaongezewa G.R. POST MAFIA.

Chapa hizo hazikupigwa na mtambo wa kiwanda cha London. Ziligongwa kwa mkono, kwa muhuri wa ofisini, kisiwani, wakati wa vita. Muhuri wa namna hiyo fundi yeyote wa mihuri mjini anaweza kukuchongea. Ukichanganya stempu ya chini, ile iliyogongwa chapa, iliyo rahisi, chapa iliyo nyepesi kuiga, na wanunuzi wengi wanaogombea stempu chache, utaelewa kwa nini za kughushi zimejaa sokoni kwa miaka mingi.

Sasa zile nne zenye muhuri wa TANGA 1912. Stempu iliyopigwa muhuri wa posta mwaka 1912 ilikuwa imeshamaliza kazi yake mwaka huo. Posta ya Mafia ya 1915 isingeweza kumuuzia mtu stempu iliyokwisha kutumika kwenye barua ya Tanga, hata ingegongwa maneno gani. Aliyezigonga alinunua stempu zilizotumika, kwa kuwa ndizo za bei ya chini kabisa, halafu hakuutazama mwaka, au alidhani hakuna atakayeutazama. Ukitaka kujiridhisha, chukua lenzi inayokuza mara kumi, utafute mahali ambapo mstari wa muhuri wa posta unakutana na herufi ya chapa. Kwenye stempu ya kweli chapa ilitangulia, barua ikatumwa baadaye, kwa hiyo wino wa muhuri wa posta hupita juu ya herufi. Ukiona herufi ndiyo iliyolala juu ya duara la muhuri, huna haja ya mtaalamu. Tahadhari moja tu: wino mweusi juu ya mweusi hudanganya jicho. Zungusha stempu taratibu chini ya taa ya mezani mpaka mng'ao wa wino wa juu ujitenge na wa chini.

Tatu ambazo hazijatumika zinataka subira zaidi. Umesema chapa imenyooka na imekaa katikati kwenye zote saba. Mkono wa mtu haufanyi hivyo. Mtu anayegonga muhuri stempu moja baada ya nyingine hupinda kidogo huku, hupanda kidogo kule, mara wino unajaa, mara unapungua upande mmoja. Ziweke zote saba juu ya mashine ya kunakili picha (skana), uzipige kwa nukta 1200 kwa inchi, kisha ulinganishe herufi kwa herufi. Kama umbali kutoka ncha ya herufi M hadi ukingo wa stempu ni ule ule kwenye zote, kuna mashine imehusika. Kisha ikuze picha herufi moja moja. Muhuri wa mkono ukibonyezwa husukuma wino pembeni, kwa hiyo kingo za herufi huwa nzito kuliko katikati, na huacha kama ukanda mwembamba mweusi unaozunguka herufi. Printa ya wino wa kurusha huacha vitone vidogo vilivyotapakaa kingoni. Ya leza huacha unga uliokaa juu ya karatasi, unaong'aa ukiuinamisha, wala haukuzama ndani.

Na ile gundi. Wewe umeishi Tanga, unajua joto na unyevu vinafanya nini kwenye karatasi. Stempu iliyokaa kwenye sanduku la nyumba ya pwani tangu 1915 gundi yake inatarajiwa kupauka, kupasuka nyufa nyembamba, kushika madoa ya rangi ya chai, hata kuganda kwenye karatasi. Gundi nyeupe inayong'aa inanifanya niulize kama haikupakwa upya. Pitisha kidole taratibu kwenye meno ya ukingoni. Gundi iliyopakwa baadaye huingia kwenye nyuzi za meno na kuyafanya magumu, kwa kuwa gundi ya asili ilipakwa kabla karatasi haijatobolewa.

Sijasema kwamba kijana anakudanganya. Inawezekana kabisa baba wa babu yake alikuwa karani Mafia, na sanduku lipo. Lakini ukoo wa muuzaji hauwezi kuthibitisha wino. Stempu huuzwa, hubadilishwa, huongezwa kwenye karatasi ya zamani, na huenda hata yeye mwenyewe aliuziwa. Kama familia ina kitu kutoka kwa mzee yule, ningependa zaidi kuona bahasha: barua iliyosafiri kweli, yenye anwani, tarehe, muhuri wa posta unaoanzia kwenye stempu na kuishia kwenye karatasi, pengine na alama ya mkaguzi wa barua wa jeshi. Muhuri uliovuka kutoka kwenye stempu hadi kwenye bahasha ni mgumu kuughushi kuliko stempu iliyobanduliwa. Waulize kwa upole kama kuna barua zozote za zamani ndani ya sanduku. Hata zisizo na stempu ya Mafia zina thamani yake.

Kuhusu kuloweka. Maji hayatakupa jibu, yatakupa hasara. Wino wa baadhi ya mihuri ya zamani huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo stempu ya kweli inaweza kuharibika mbele ya macho yako huku ya kughushi iliyopigwa kwa leza ikitoka salama salimini. Na hizo G.E.A. zako zisikutane na maji kabisa. De La Rue wa London, mchapaji wa stempu hizo, alitumia wino unaotoka kwa makusudi, na kwa baadhi ya thamani karatasi iliyopakwa chokaa, ili mtu asiweze kusafisha muhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Kulowekwa mara moja tu kunaweza kuondoa rangi. Spiriti nayo iache zahanati.

Kwa kuwa umezitaja, albamu yako mwenyewe ina mambo ya kutazama. I.E.F. zilitolewa 1914 kwa vikosi vya India vilivyopelekwa nje. Baadhi yao ndio walioshuka Tanga Novemba 1914 wakashindwa na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck, na wengine wakabaki Afrika Mashariki miaka iliyofuata. Stempu hizo zisipotumika si adimu. Nyingi zilikwenda Ufaransa na Mesopotamia. Inayopandisha bei ni ile yenye muhuri wa posta ya jeshi inayoonyesha kwamba ilitumika huku kwetu, kwa hiyo hapo mghushi hahangaiki na chapa, anaghushi muhuri. Kazi hiyo ina historia ndefu. London kulikuwa na mfanyabiashara aliyejulikana kama Madame Joseph, ambaye mihuri yake ya uongo ya makoloni mengi ya Uingereza imekusanywa na kuhifadhiwa na chama cha wakusanyaji wa stempu, Royal Philatelic Society London, na wataalamu huitumia kulinganisha. N.F. zilikuwa za kikosi cha Nyasaland na Rhodesia kilichopigana kusini mwa nchi kuanzia 1916. Zipo thamani tano tu, na herufi ni mbili zisizo na pambo, kwa hiyo zikague kwa nyuma. Chapa iliyopigwa kwa herufi za chuma huacha mfinyo mdogo unaohisiwa upande wa pili wa karatasi, na printa ya nyumbani haiachi. Ukija kuuziwa G.E.A. za rupia 10, 20 au 50, hapo chapa mara nyingi ni ya kweli na udanganyifu uko kwingine: stempu iliyotumika kwenye hati ya serikali, ikasafishwa saini ya kalamu, ikapigwa muhuri wa posta wa uongo. Taa ya miale ya urujuanimno huonyesha mistari ya kalamu iliyofutwa hata jicho likiwa halioni kitu.

Kuna nyingine utakazokutana nazo ukiendelea na fungu hili. Za Kongo ya Kibelgiji zenye RUANDA au URUNDI za 1916, zinazoitwa seti ya Tombeur kwa jina la jenerali wao, zimeghushiwa mno na mimi binafsi nisingenunua hata moja isiyo na cheti. Wareno nao walipochukua pembetatu ya Kionga, kwenye mlango wa mto Ruvuma, mwaka 1916 walitoa stempu nne, kwa kugonga chapa juu ya stempu za Lourenço Marques (Maputo ya leo) za reis 100. Na hapo jirani yako, milimani Usambara, misheni ya Vuga ilichapisha stempu za Wajerumani mwaka 1916 kwa kuwa akiba ilikuwa inakwisha. Meli ya Kijerumani Marie ikapenya hadi Sudi, pwani ya kusini, mwezi Machi ikiwa na shehena yenye stempu mpya, zile za Vuga zikakosa kazi, zikafukiwa ardhini, na baada ya vita zikafukuliwa na kuuzwa Ujerumani. Hazikupata kutolewa posta. Kwa hiyo mtu akikuletea stempu ya Vuga yenye muhuri wa posta, "imetumika vitani", unajua la kumjibu.

Sasa cheti. Kwa stempu za Mafia ningepeleka Uingereza, ama kwa kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society London ama kwa BPA, kampuni nyingine ya kupima stempu. Kwa maswali ya stempu ya chini na mihuri ya Kijerumani, wapo wapimaji wa chama cha Kijerumani kinachoitwa BPP. Watakutoza ada, na utatuma kwa rejista yenye bima, kwa hiyo haina maana kupeleka zote saba. Wapelekee ile moja, kati ya tatu zisizotumika, ambayo chapa yake inaonekana vizuri zaidi. Ikirudi ya uongo, na zote zimegongwa kwa muhuri ule ule, umeshapata jibu la zilizobaki. Ikirudi na cheti cha kweli, ndipo mzungumze bei, na nyingine zifuate njia hiyo hiyo moja moja. Na mtu akikuonyesha cheti kilichokwisha kutolewa, linganisha meno na mkao wa chapa kwenye picha na stempu iliyo mkononi, kisha andika kwa taasisi husika kuulizia namba yake. Vyeti navyo vinaghushiwa.

Picha alizokutumia mwanao umpe maelezo haya: bei iliyoandikwa na muuzaji ni matumaini yake. Atafute mnada uliokwisha, aone zenye cheti zimelipiwa kiasi gani na zisizo na cheti zimelipiwa kiasi gani. Tofauti hiyo itamfundisha kuliko barua yangu.

Naona kinachokuumiza zaidi ni wakwe, Mwalimu, na hilo nalo halina ugumu unaoufikiria. Usianze kwa kusema unataka ushahidi kutoka kwao. Sema wewe ndiye unayetaka kuzipeleka, na ada utailipa wewe, kwa sababu mkusanyaji yeyote atakayezinunua kwako kesho atadai cheti. Huo ni ukweli mtupu, na haumgusi mtu heshima. Ongea na kijana kwanza mkiwa wawili, si mbele ya wazee. Akikubali, andikeni: stempu gani imetoka, thamani yake, siku gani, nani ameichukua, na ikipotea njiani nani atalipa nini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kati ya wakwe daftari linaokoa zaidi. Piga picha mbele na nyuma kabla haijafungwa, kila mmoja abaki na nakala. Zile nne za Tanga mrudishie siku hiyo hiyo, na umweleze kuhusu mwaka 1912 kwa sauti ya mwalimu anayemfundisha mwanafunzi wake. Kama aliuziwa kwa uongo atakushukuru, maana huenda alikuwa na mpango wa kumuuzia mwingine asiye na subira kama yako.

Akikataa zisipimwe kwa gharama yako, akang'ang'ania mteja wa Nairobi na mwisho wa mwezi, mwache amuuzie huyo mteja wa Nairobi. Mwambie mama watoto kwamba kiinua mgongo kimebaki benki. Ukipata nafasi, nitumie picha za zile mbili za N.F., mbele na nyuma, zikiwa na mwanga wa kutosha. Kama mojawapo ina muhuri wa posta ya jeshi unaosomeka, ningependa tuujadili.